Alama 30 za Kuongea, na Mdomo Umefungwa

Jioni moja wakati wa likizo ya Aprili nilikuwa kwa dada yangu, Manyatta, Kisumu. Binti yake yuko Kidato cha Tatu, na alikuwa ameketi mezani akipambana na karatasi ya kwanza ya Kiingereza iliyotoka shule jirani. Swali lilikuwa la mazungumzo ya simu: mgonjwa anapiga hospitalini kuomba nafasi ya kumwona daktari, maneno ya karani yameandikwa, ya mgonjwa yameachwa wazi, mtahiniwa ajaze. Alijaza vizuri. Alisalimu kwanza, akajitambulisha, akaomba kwa adabu, akashukuru kabla ya kukata. Nilichukua kalamu nyekundu nikamsahihishia. Katika alama 30 za stadi za kuongea alipata 24.

Hata hajafunga daftari, simu ya mamake ikalia. Walikuwa watu wa ufadhili wa karo aliokuwa ameuomba, na mama wa upande wa pili alitaka kumuuliza maswali mawili matatu kwa Kiingereza. Mtoto alisikiliza kidogo, macho yakamtoka, akanisukumia simu mkononi.

"Anko, ongea nao wewe. Mimi Kizungu ya kuongea sijui."

Niliomba radhi kwa niaba yake, nikawasihi wapige tena baada ya siku mbili. Wakakubali. Yeye alirudi mezani, akaifunika ile karatasi yenye 24 na kuanza kulia kimyakimya.

Nimefundisha Kiingereza kwa miaka kadhaa katika shule ya kutwa pembezoni mwa Nakuru kabla ya kuacha ualimu, na nimewaona watoto wengi wa aina hii. Hakudanganya kwenye karatasi wala kwenye simu. Shule imemfundisha kuongea kwa kalamu, ikampima kwa kalamu, ikampa alama za kalamu, halafu maisha yakampigia simu.

Wasiokaa karibu na mtihani huu huenda wasijue umejengwaje. Kiingereza cha KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari hapa Kenya, kina karatasi tatu zenye jumla ya alama 200. Ya pili ni ya ufahamu, fasihi na sarufi. Ya tatu ni insha, moja ya kubuni na mbili za vitabu teule. Ya kwanza, ambayo hufanywa kwa saa mbili na ina alama 60, imegawanywa hivi: 20 za uandishi wa kikazi kama barua, kumbukumbu za mkutano au barua pepe, 10 za kifungu chenye mapengo, na 30 za stadi za kuongea. Nusu nzima. Humo mtoto huulizwa neno gani linatamkwa sawa na lingine, silabi ipi inakazwa, sauti ipi haisikiki, angetumia ishara gani za mwili akisimulia hadithi, angemjibuje mwalimu mkuu kwa heshima. Yote hayo anayajibu kwa maandishi, ndani ya chumba ambamo akitoa sauti msimamizi atamjia juu. Mtoto anaandika kwamba angepaza sauti hapa na kuishusha pale, na anapata alama, na sauti yenyewe hakuna binadamu aliyewahi kuisikia.

Kuna jibu ambalo nimelisikia katika vikao vya walimu, nalo lina uzito. Waliofanya KCSE mwaka 2024 walizidi 960,000. Ukisema kila mmoja aketi na mtahini kwa dakika kumi, utawatoa wapi watahini, na pesa zitatoka mfuko gani? Sawa. Lakini mtahiniwa wa Kifaransa katika mtihani huohuo wa KCSE huketi mbele ya mtu na kuzungumza. Wa Kijerumani pia. Mwanafunzi wa muziki hupiga ala yake au kuimba akisikilizwa. Kwa hiyo Baraza la Mitihani linajua kabisa kwamba lugha hupimwa kwa sikio, na lina utaratibu wa kufanya hivyo pale ambapo wanafunzi ni wachache. Kiingereza, ambacho Kifungu cha 7 cha Katiba ya 2010 kinakitaja pamoja na Kiswahili kuwa lugha rasmi ya nchi, ndicho kinachopimwa kimya. Na kisichopimwa hakifundishwi. Mwalimu anayesukumwa na wastani wa darasa, mwalimu mkuu anayesukumwa na wazazi, mzazi anayesukumwa na majirani, wote wanaangalia karatasi.

Lakini mdomo haukufungwa na KCSE. Ulifungwa mapema zaidi.

Shule ya msingi niliyosoma, upande wa Siaya, ilikuwa na kibao tulichokiita diski. Kilikuwa kipande cha mbao chenye tundu, kikapitishwa kamba ya katani. Ukisikika ukisema Kijaluo ndani ya ua wa shule, unavikwa shingoni, na wewe unatembea nacho ukitafuta mwingine wa kumvika. Jioni mwalimu wa zamu aliuliza kilianza kwa nani kikafika kwa nani, na mnyororo mzima ulichapwa. Marehemu Ngugi wa Thiong'o ameeleza jinsi watoto wa Limuru walivyofanyiwa haya zamani za ukoloni. Mimi nilifanyiwa miaka mingi baada ya bendera kupandishwa, na mwalimu aliyeifunga ile kamba alikuwa jirani yetu, tukimwamkia kwa lugha ileile kila tukikutana naye njiani Jumapili.

Watu wazima wakikumbuka diski hucheka, na wengine husema ndiyo iliyowafundisha Kiingereza. Mimi nakumbuka mapumziko ya saa nne. Nakumbuka wavulana wakisimama nyuma ya vyoo bila kusema kitu, kila mmoja akimwangalia mwenzake. Kijaluo ni hatari, Kiingereza hatukijui, na ukikikosea unachekwa hadi Ijumaa. Dawa ilikuwa moja: kunyamaza. Mtoto aliyepitia miaka minane ya kujilinda kwa kunyamaza haingii Kidato cha Kwanza akafunguka kwa sababu mwalimu mpya anatabasamu. Adhabu ya viboko iliharamishwa shuleni mwaka 2001, na sheria ya elimu ya msingi ya 2013 ikakazia. Diski bado ipo. Siku hizi ni daftari la majina kwa kiranja wa lugha, au faini ya shilingi kumi, au kufagia darasa peke yako. Umbo limebadilika, mafunzo ni yaleyale.

Sasa tuingie darasani tufanye hesabu. Kipindi cha sekondari ni dakika 40. Shule za kutwa nilizozifahamu Nakuru zilikuwa na watoto 55, 60, wakati mwingine zaidi katika mkondo mmoja. Tuchukue 60. Mwalimu asipotamka hata neno moja, asiandike ubaoni, asiite majina, kila mtoto atapata sekunde 40 za kuongea. Sekunde 40 hazimtoshi mtu kueleza alivyofika shuleni asubuhi. Na mwalimu huwa anaongea karibu kipindi kizima, kwa sababu silabasi ni ndefu na vitabu teule havijaisha.

Insha nayo ina hesabu yake. Mwalimu mwenye mikondo minne ya watoto 55 akitoa insha moja, anarudi nyumbani na madaftari 220. Akitumia dakika tano kwa kila daftari, muda ambao hautoshi kusoma maneno 450 na kumwandikia mtoto la maana, ni saa 18 na dakika 20. Ndiyo maana insha hutolewa mara mbili kwa muhula, au mara moja. Nimeifanya dhambi hiyo mimi mwenyewe, na sitamnyooshea mwalimu yeyote kidole kwa hilo. Kinachoniumiza ni kwamba mwongozo wa kusahihisha insha ni mzuri mno. Unaanza na swali moja: je, huyu amewasiliana? Anayeeleweka kwa shida sana yuko daraja la D, alama 1 hadi 5. Anayeeleweka lakini kwa kukwaruza yuko C, 6 hadi 10. Anayetiririka ni B, 11 hadi 15. Anayemfanya msomaji asahau kwamba anasahihisha ni A, 16 hadi 20. Makosa ya tahajia huja baadaye. Walioutunga mwongozo huo walijua lugha ni ya nini. Laiti ungefika darasani kabla ya kufika kwenye kituo cha usahihishaji.

Kila matokeo yakitoka vibaya, anayesutwa ni Sheng, lugha ya mitaani ya vijana, na nyuma yake lugha ya mama. Nimekaa na lawama hizi muda mrefu, na kila nikizipima naona zinamwangukia asiyehusika. Kijaluo hakina sauti ya "sh", kwa hivyo mtoto wa Ahero anatamka "s" na darasa linaangua kicheko. Haya, hilo ni kweli, na linarekebishwa kwa wiki chache za mazoezi. Lakini Kijaluo kina irabu tisa kinywani, ingawa kinaandikwa kwa tano. Kiswahili kina tano tu. Mtihani unamtaka mtoto atofautishe "ship" na "sheep", na walimu wengi, mimi nikiwemo, tumefundisha tofauti hiyo kwa kukariri orodha kwa sababu sikio la Kiswahili linasikia "i" moja. Mtoto wa Kijaluo ana "i" mbili tangu alipoanza kuita mama, moja ya kulegea na moja ya kukaza, zinazobadilisha maana ya maneno. Zinakaribiana sana na zile za Kiingereza. Hakuna aliyewahi kumwambia. Tulimvika kibao shingoni kwa lugha ambayo ingempa alama.

Kiswahili nacho kina ngazi zake. Swali la mkazo huwasumbua wengi kwa sababu sisi hukaza silabi ya pili kutoka mwisho, karibu kila neno, na Kiingereza huhamisha mkazo na kuhamisha maana. Nilihangaika na somo hilo mihula miwili. Siku moja nikaandika ubaoni neno "barabara" mara mbili. Nikamwambia kijana mmoja asome kana kwamba anavuka njia pale Free Area. Nikamwambia mwingine asome kana kwamba anaisifu kazi iliyofanywa sawasawa. Walisoma bila kufikiri, wa kwanza akikaza "ba" ya pili, wa pili akikaza "ra" ya kwanza, na darasa zima likanyamaza kwa mshangao. Kitu walichodhani ni cha Waingereza walikuwa nacho mfukoni. Kuanzia hapo "record" ya nomino na "record" ya kitenzi hazikuwa ugomvi.

Mfano mwingine mdogo. Watoto wetu husema mama yao "he" na baba yao "she", na hutukanwa kuwa wazembe. Kiswahili kina "yeye", Kijaluo kina "en", na hakuna kati ya hizo inayouliza kama unayemtaja ni mwanamume au mwanamke. Ukimweleza hivyo Kidato cha Kwanza, kwamba Kiingereza kinataka ujulishe jambo ambalo lugha zako mbili hazilidai, anaanza kujisahihisha mwenyewe. Ukimchapa, atajifunza kuepuka kumtaja mama yake.

Katika shule ile ya Nakuru nilianzisha mdahalo wa Alhamisi. Wiki nne za kwanza zilikuwa aibu tupu: waliozungumza walikuwa walewale watano waliotoka shule za msingi za kulipia, na waliobaki walipiga makofi. Wiki ya tano nilibadilisha jambo moja. Niliwapa nusu saa ya kujiandaa kwa vikundi kwa lugha yoyote. Kaptembwo, mtaa wa shule hiyo, kuna kila kabila la nchi hii, kwa hivyo darasa lilivuma Kikuyu, Kikalenjin, Kiluhya, Kiswahili, Sheng. Mwalimu mwenzangu alichungulia dirishani akaniuliza kama nimeanza soko. Hoja zilichemka humo ndani, wakabishana kwa nguvu kuhusu maji ya mtaa na bei yake, na walipofika mbele kusema kwa Kiingereza walikuwa tayari wana kitu cha kusema. Msichana mmoja aliyekuwa akiketi mwisho, karibu na kabati, ambaye sikuwahi kusikia sauti yake kwa miezi saba, alisimama akasema sentensi sita. Mbili zilikuwa na makosa. Nilizihesabu kwa sababu sikuamini.

Atakayeona hilo dogo na ahudhurie tamasha za drama za kanda ya Nyanza au Magharibi. Watoto walewale wanaosemwa hawajui lugha husimama jukwaani, wakatongoa shairi la dakika kadhaa kwa Kiingereza, pumzi, mkazo, macho na yote, na ukumbi ukasimama. Wamefundishwa kwa mdomo, wamerudia kwa mdomo, wamesikilizwa. Basi.

Gharama ya kimya hiki huja kulipwa ukubwani. Mwaka 2021 Mutahi Kagwe, wakati huo akiwa Waziri wa Afya, alitangaza kwamba kati ya wauguzi 300 wa Kenya waliofanya mtihani wa Kiingereza ili wakafanye kazi Uingereza, waliopita walikuwa 10. Nchi ilishtuka, mitandao ikavunjika mbavu. Mimi sikuona cha kuchekesha. Hawa ni watu waliosomea kazi yao kwa Kiingereza kuanzia darasa la nne hadi chuoni. Mtihani wa IELTS, ambao wengi wanaotaka kwenda huko huufanya, una sehemu nne, na mojawapo ni mazungumzo ya dakika 11 hadi 14 na mtahini, uso kwa uso. Kwa wengi wao huenda ilikuwa mara ya kwanza maishani kupimwa Kiingereza kwa kuongea.

Upande wa gredi, mambo yamelegezwa kuliko wazazi wengi wanavyojua. Tangu KCSE ya 2023, wastani huhesabiwa kwa hisabati, lugha moja ambayo mtoto amefanya vizuri zaidi, na masomo mengine matano bora. Anayetaka kusomea sheria huhitaji B ya Kiingereza au Kiswahili. Ni hatua njema, na kama mpenzi wa Kiswahili naifurahia. Haimsaidii kitu mpwa wangu aliyeshika simu.

Nafasi ipo sasa, na sijui kama itarudi. Mpwa wangu ni wa kundi la mwisho la 8-4-4, mfumo wa zamani wa elimu, litakalofanya KCSE mwaka 2027. Waliomfuata wako Gredi ya 10 tangu Januari 2026, ambako Kiingereza kimebaki somo la lazima na Fasihi ya Kiingereza imekuwa somo la kuchagua. Kutenganisha hayo mawili kunanitia wasiwasi, lakini hayo ni ya siku nyingine. Muhimu ni kwamba mtaala mpya wa umilisi umeipa tathmini ya shuleni nafasi ambayo mfumo wa zamani haukuwa nayo. Mwalimu akiruhusiwa kumpima mtoto mwaka mzima, hoja ya watahini laki ngapi inaanguka. Watoto watano kwa kipindi, dakika tatu kila mmoja, na katika majuma matatu au manne mkondo mzima umesikilizwa mara moja. Simu ya mwalimu inatosha kurekodi. Alama hizo ziingie kwenye matokeo, ziwe nyingi kiasi cha kumfanya mwalimu mkuu azijali, na zile 30 za kuandika jinsi ungeongea ziondolewe kabisa kwenye mtihani unaokuja. Na vibao, madaftari ya majina na faini za lugha vipigwe marufuku kwa waraka wenye adhabu, maana tamko la jukwaani tumeshasikia la kutosha.

Nilikaa Manyatta zile siku mbili. Usiku wa kwanza nilimwambia mpwa wangu aniambie kwa Kijaluo kwa nini anataka kusoma, kana kwamba mimi ndiye mwenye pesa. Alianza polepole, mamake akamkatiza, wakabishana, na ndani ya dakika chache alikuwa akieleza biashara ya omena ya mamake pale soko la Kibuye vizuri kuliko nilivyoijua mimi ndugu yake. Kesho yake tukarudia kwa Kiswahili. Jioni kwa Kiingereza. Alikwama palepale mwanzo.

"Anko, omena ni nini kwa Kizungu?"

"Omena ni omena. Yeye hajui, mweleze."

Walipiga saa nne na robo asubuhi. Alitoka nje na simu, akasimama karibu na kamba ya nguo, mgongo kwetu. Dada yangu alizima jiko ili tusikie. Mwanzoni tulisikia "yes" na "yes" nyingine, kisha kimya kirefu hadi nikaanza kuinuka. Halafu akaanza kumweleza yule mama samaki wadogo kama kidole, wanaovuliwa usiku kwa taa, wakaanikwa juu ya nyavu ufuoni, na mvua ikinyesha kabla hawajakauka mzigo wote unaoza na wiki hiyo hakuna karo. Alisema "she" akimtaja mamake. Mkono mmoja ulikuwa hewani, ukionyesha nyavu zinavyotandazwa.

Hadi ninapoandika haya hawajapiga tena.